Sekunde Sita za Kitabu cha Bibi Bikombo

Kaka Hamadi,

Watu wakiandika barua huanza kwa kuulizana hali. Yako sikuulizi, maana anayeijua ni Mola wako, nami kila nikisali namwomba iwe njema. Nimekuja kukueleza yangu, na si nzuri. Nimefanya jambo ambalo lau lingefanywa na mtu mwingine ningemwandikia makala ya kurasa mbili, na nisingemwachia hata nguo ya kujisitiri.

Ijumaa hii tunakusomea hitima ya mwaka. Nyumba ni ile ile yako ya Msuka, wanaume barazani, wanawake uani. Mkeo Mize ameniletea salamu kwa mdomo wa jirani, kwamba nisikose kufika. Amenialika mimi, kaka. Ukisoma mpaka mwisho utajua kwa nini mwaliko ule umeninyima usingizi kuliko matusi yote niliyowahi kutukanwa na wasomaji wangu.

Kitabu cha Bibi Bikombo kiko kwangu. Kiko hapa mezani Wete, nimekifunga kwenye kanga na juu yake nimeweka kamusi mbili, kama mtu anayeogopa kisije kikajifungua chenyewe. Hapa Pemba nzima hakuna ajuaye.

Acha nianze mwanzo, maana wewe ulikuwa ukinambia, "Asha, wewe ukikasirika unaanzia mwisho."

Unaikumbuka ile makala. Nilikuwa nimemjibu bwana mmoja aliyeandika gazetini kwamba wanawake wa visiwa hivi hawakuwa na maandishi ila kazi ya kusuka mikeka. Nilimrukia. Nilimtajia Bibi Bikombo, bibi mzaa babu yetu, aliyeandika kitabu kizima kwa mkono wake, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: tungo za kumuasa binti, dawa za mtoto mwenye kifua, misimu ya kupanda muhogo, na nyuma kabisa majina ya kila aliyezaliwa katika ukoo wetu. Mpaka hapo nilikuwa kwenye haki. Kisha kalamu ikanogewa. Nikaandika kwamba hazina hii isiyo mfano wake duniani inaozea juu ya kabati la dalali wa samaki asiyejua kuisoma.

Sikukutaja jina. Nilidhani hiyo ni adabu. Kana kwamba Msuka ina madalali wa samaki mia.

Siku ya pili yake uliniletea samaki watatu, changu, umewafunga kwenye ukurasa ule ule wa makala yangu. Mafuta yalikuwa yameshaingia kwenye picha yangu. Ulisema, "Gazeti lako limefaa, Asha. Limeshika maji." Tukacheka. Mimi nilicheka kweli, kaka. Wewe sijui.

Halafu ukatutoka. Presha ilikuangusha asubuhi ukitia maji ya udhu, na mchana tukakuzika. Nilikuwa sijawahi kukuomba radhi. Nilikuwa nasubiri nafasi nzuri. Mtu wa maneno kama mimi hupenda kuomba radhi akiwa amejiandaa.

Kwenye arubaini yako nikatazama juu ya kabati, kitabu hakipo. Nilitoka uani mbele ya wanawake wote, sahani za pilau zinapita, na Mize yumo edani, amekaa kwenye mkeka wake na nguo zake nyeupe. Nikamuuliza kwa sauti: "Wifi, kitabu kiko wapi?"

Akasema, "Sijui, wifi. Muulize aliyekuwa akikishika."

Nikamjibu, "Aliyekuwa akikishika tumemzika. Aliyebaki na funguo ni wewe."

Bi Time, jirani yenu, alinishika mkono akanambia polepole, "Mwanangu, mtu yumo edani huyu." Nikauvuta mkono wangu. Nilikuwa na hakika, na unanijua nikiwa na hakika. Mize aliinama akawa anakunja pindo la kanga yake, anakunja, anakunjua. Tangu siku hiyo hatukusemezana.

Miezi ikapita. Siku moja mtu wa Mombasa ninayeandikiana naye mambo ya vitabu akanitumia picha kwenye simu. Mnada wa mtandaoni, wa ng'ambo, wanauza vitu vya kale: majambia, mikufu ya fedha, milango. Na katikati ya majambia, kitabu cha Bibi Bikombo, ngozi yake ya mbuzi na lile doa la kahawa ulilolitia wewe utotoni ukapigwa kwa ajili yake. Chini ya picha wameweka maneno kwa Kiingereza ya kuthibitisha kwamba kitu ni cha kweli. Nikayasoma mara tatu. Yalikuwa yangu. Hazina isiyo mfano wake duniani. Walikuwa wameitafsiri sentensi yangu wakaitundika kwenye kitabu kama dalali anavyowanyunyizia samaki maji wang'are.

Ningekuwa mtu wa busara ningempigia simu Mize. Ningewaita ukoo tukakaa tukashauriana. Lakini nilishamhukumu, na picha ile niliiona kuwa ushahidi. Nilitaka nikinunue mimi, kimyakimya, nije nikipige juu ya mkeka mbele ya wanawake wale wale, niseme: hiki hapa, kimetoka kwa mnunuzi wa Ulaya, sasa nambieni kilifikaje huko.

Nikaanza kusoma elimu ya minada ya mtandao. Usicheke. Nilisoma kama nilivyosoma falsafa, kwa kalamu na karatasi, na nilibishana na kila mwandishi. Mnada ule haufanani na wako hata kidogo. Una saa. Ikifika sekunde iliyopangwa umefungwa, hata kama kuna watu kumi bado wamenyanyua mikono. Na una mashine inayokusemea. Unaiambia siri yako, ukomo wa bei ambao huwezi kuuvuka. Mashine haitangazi ukomo wako; inakupandishia kidogo kidogo, hatua moja tu juu ya mwenzako, mpaka mmoja wenu aishiwe.

Wataalamu wa mambo hayo wana wasia mmoja: usionyeshe mkono mapema. Ukiingia siku tatu kabla, mwenzako ataona amepitwa, atakwenda akalale na hasira, atarudi ameongeza. Ngoja. Kaa kimya, usimwambie mtu, usiulize swali kwa muuzaji. Zikibaki sekunde chache, tia ukomo wako wote mara moja. Mwenzako hatapata muda hata wa kukasirika. Usitie bei ya namba kamili, kwa sababu kila mtu hukomea hapo. Ongeza vishilingi vya ajabu juu yake. Usifuate saa ya ukutani kwako, fuata ya mnada wenyewe. Na upime mtandao wako unachelewa kiasi gani.

Nilijifanyia zoezi kwanza kwenye kijiko kimoja cha shaba kisicho na maana yoyote. Niliingia zimebaki sekunde nne nikakipata, na nikasimama peke yangu chumbani nimekunja ngumi kama niliyepindua serikali. Kijiko nimekitia kwenye kopo la sukari. Kila nikinywa chai kinanitazama.

Kwa kitabu nikaamua sekunde sita. Tatu za mtandao wa Wete unaosuasua, moja ya kidole changu, mbili za Mungu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili, na mnada ulifungwa alasiri, saa kumi na dakika ishirini. Saa zako hizo, kaka. Nilifunga mlango, nikaweka simu mbili mezani, moja ya akiba. Mtu mmoja alikuwa akiongoza tangu siku mbili nyuma, na kila aliyejaribu kumpita alishindwa. Mnada haukutaji jina. Unakuonyesha herufi mbili na nyota katikati. Nilizitazama nyota zile nikamjengea mtu wake: mzee wa Kizungu, miwani ya dhahabu, kabati la vioo, Bibi Bikombo amewekwa baina ya jambia na pembe ya ndovu. Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Nilikuwa nimeshamwandikia nusu ya makala, na ilikuwa makala nzuri.

Dakika mbili. Dakika moja. Nikasoma Bismillahi. Sekunde kumi. Kwenye ya sita nikabonyeza.

Gurudumu likazunguka, likazunguka. Kisha bei ikaruka. Ikaruka mbali, kaka, ikapita pale nilipofikiri mzee wangu wa miwani angekoma, ikapanda mpaka nikadhani itanifikia shingoni, ikasimama vidole viwili chini ya ukomo wangu. Kisha pakaandikwa kwamba mnada umefungwa na mshindi ni mimi.

Nilisujudu.

Kesho yake asubuhi, kwenye kundi letu la ukoo la Wasapu, ikaingia sauti ya Rukia, mwanao, kutoka Maskati. Alikuwa analia. Nakuandikia kama alivyosema, maana nimeisikiliza mara nyingi mno.

"Shangazi, na nyote, tulitaka iwe siri mpaka kifike. Tangu arubaini nakitafuta kitabu cha Bibi kila siku iendayo kwa Mungu, nikakiona mnadani. Mama akauza bangili zake zote mbili za harusi, akanambia weka zote mwanangu, usibakishe. Tumeongoza siku mbili. Jana, sekunde za mwisho kabisa, kuna Mzungu akaingia akatuchukulia. Wamengoja kama wezi, shangazi. Mama alitaka aje akitie mkononi mwako mwenyewe. Hajala tangu jana."

Unajua nilijibu nini? Mimi niliyewaita watu wanafiki kwa majina yao, kwenye karatasi, wakaniburuza mbele ya wazee na nikakataa kufuta hata nukta? Niliandika: "Poleni sana. Kheri huenda ipo mbele."

Bibi Bikombo angeichoma kalamu yangu.

Kuna jambo moja ambalo limenikaa kooni na haliteremki. Nimekwambia ile mashine inavyofanya kazi, kwamba humpandisha mshindi hatua moja tu juu ya ukomo wa mwenzake. Basi bei niliyoilipa si bei ya kitabu. Ni ukomo wa Mize na hatua moja juu yake. Hakuna mtu duniani aliyewahi kupimiwa kwa uhakika namna ile kiasi ambacho mwenzake alikuwa tayari kujinyima. Nilichodhani ni uroho wa mzee wa miwani zilikuwa bangili za wifi yangu, zinapanda moja moja mbele ya macho yangu, na mimi nazishangilia zilipokoma.

Nikakukumbuka wewe umesimama juu ya ndoo uliyoigeuza, pale dikoni wanapoteremshia samaki, tenga la samaki chini ya miguu yako. Wageni walikuwa hawaelewi kwa nini mnada wako unachukua muda mrefu. Kila aliyepandisha bei ulimtaja. "Kumi na mbili, namwona Bi Fatma. Kumi na tatu, namwona Kombo. Kombo, huyo Bi Fatma ana wageni wa harusi, shindana naye ukijua." Kombo atacheka, atashusha mkono au ataupandisha, lakini atajua anashindana na nani. Anayenunua kwa ajili ya msiba alisema tu "ya hitima," na mikono yote ikashuka. Na yule mchuuzi wa Konde aliyezoea kujibanza nyuma akitikisa kidole, ulimwambia mbele ya watu, "Mkono usio na jina mimi siuoni, hata ukiwa na dhahabu."

Na kuhesabu kwako. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu; na mtu akiingia kwenye ya tatu, hufungi, unaanza upya kutoka ya kwanza. Wakikulalamikia, "Hamadi, utatukesha hapa kwa tenga moja la changu," unawajibu, "Samaki keshakufa, hana haraka."

Nilikuona mtu wa kelele na magamba. Nilikuwa nimesoma vitabu vingapi juu ya haki, na sikuona kwamba ndugu yangu anaisimamisha kila alasiri juu ya ndoo. Kwako nisingeweza kumpiga Mize bila kumwona. Ningesikia, "Namwona Mize," na wewe ungenitazama kwa lile jicho lako, na mkono wangu ungeshuka wenyewe.

Bado sijamaliza. Kitabu kilipofika nilikifungua peke yangu. Ndani ya jalada la nyuma muuzaji alikuwa ameacha karatasi ndogo ya kuonyesha alivyokipata. Hati ya mkono niliijua kabla sijaisoma, ile "H" yako yenye mkia. Umeandika kwamba umekitoa mwenyewe, kwa hiari yako, bila kulazimishwa na mtu. Tarehe ni wiki moja baada ya makala yangu.

Kwa hiyo Mize alisema kweli. Hakujua. Na aliyekitoa ndani ya nyumba ni wewe, na aliyemleta mnunuzi mlangoni ni mimi, kwa sentensi moja iliyoninogea.

Kwa nini, Hamadi? Nimekasirika na wewe pia, usidhani kufa kumekuokoa. Ulikitoa kwa uchungu, useme kama kinaozea kwangu basi wakichukue wanaojua? Au ulikuwa umeshajijua mgonjwa, unataka kumwachia Mize kitu? Au yule mnunuzi alizungumza nawe kwa upole, na mimi dada yako nilikuwa sijazungumza nawe kwa upole siku nyingi? Karatasi yako ina mistari mitatu na hakuna hata mmoja ulionihusu.

Halafu nikazipitia kurasa. Pale wino wa Bibi ulipofifia, kuna penseli. Mtu amekaa akazifuata herufi moja moja, kwa subira, asizipotoshe. Kwenye majina ya waliozaliwa, baada ya mwandiko wa baba, kuna Rukia, kisha kuna mwanangu mimi Khatibu, kwa herufi zile zile za Kiarabu, kwa penseli ile ile. Mimi sikukuomba umwandike. Sikujua kwamba umemwandika. Wewe, dalali wa samaki asiyejua kuisoma.

Nililia mpaka nikaogopa kuiharibu karatasi, nikaifunika.

Wiki tatu sasa nimekaa nacho. Nimejitafutia hila zote. Nimefikiri nimpelekee Mize kwa posta bila jina, kama kwamba Mzungu ametubu. Nimefikiri niseme nimekinunua baadaye kwa huyo Mzungu, nionekane shujaa. Ile ya pili niliipenda sana, nakwambia kweli, nilishaipangia maneno. Kila hila ilikuwa na wasia ule ule wa wataalamu: kaa kimya, usitaje jina, ngoja mpaka mwisho. Nimegundua kwamba mbinu ile si ya mnada tu. Mtu anaweza kuishi nayo. Mimi nimeishi nayo. Nilingoja sekunde za mwisho nikuombe radhi, na wewe ukafungwa.

Mize naye ana umri, na ana presha kama yako. Bi Time anasema amekonda.

Basi sikiliza ahadi yangu, na kama waliokufa wana namna ya kumshika mtu ahadi, nishike. Ijumaa nitakuja Msuka mapema, kabla ya visomo. Nitakwenda uani, mbele ya wale wale waliosikia nilivyomtukana, sitamwita pembeni. Nitakaa chini, kwenye mkeka, chini yake. Nitafungua kanga. Nitasema: Mize, mtu uliyekuwa ukishindana naye ni mimi. Nitasema na ya karatasi, kwamba kitabu kilitolewa na mwenyewe, na sababu ya kutolewa ni kalamu yangu. Akinifukuza nitatoka. Akinyamaza nitangoja. Kitabu kitabaki kwake, juu ya kabati lile lile, na gazeti lililobeba maneno yangu ya kwanza litabeba ya pili, jina lako ndani, kazi yako ndani, na penseli yako. Bangili siwezi kumrudishia zile. Nitamnunulia nyingine, na najua si sawa.

Naogopa, kaka. Nimesimama mbele ya watu wengi wenye nguvu na sikuwahi kuogopa kama ninavyomwogopa mwanamke mmoja anayekunja pindo la kanga.

Lala salama, Hamadi bin Faki, dalali wa Msuka. Mola akukunjulie kaburi lako. Na Ijumaa, nikiwa pale uani na ulimi umenikauka, nitajie jina langu kama ulivyokuwa ukiwataja wengine, watu wajue mkono huu ni wa nani. Najua nimeingia nimechelewa, umeshafika kwenye ya tatu. Lakini hukuwahi kumfungia mtu aliyeingia kwenye ya tatu.

Anza kuhesabu upya, kaka yangu. Wewe sasa huna haraka.

Mdogo wako,
Asha